Boksi la plastiki, kisahani cha joto na barabara ya Duluth: tathmini ya vifaa vya kusafirishia watoto wa paka wakati wa baridi kali

Kwa majira mawili ya baridi sasa nimekuwa nikijitolea kuwasafirisha watoto wa paka kutoka kaskazini mwa jimbo la Minnesota, nchini Marekani, hadi Minneapolis, ambako nafasi ya kuwahifadhi ni kubwa zaidi na watu wa kuwachukua ni wengi. Safari yangu ya kawaida huanzia Duluth, mji ulio kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior, na kufuata barabara kuu ya 35 kuelekea kusini kwa kilomita zipatazo 250. Barabara ikiwa kavu, huo ni mwendo wa saa mbili na nusu. Theluji ikianza kuanguka, unaweza kuwa wa saa nne au tano. Abiria wangu huwa na umri wa wiki 5 hadi 10, na mmoja wao akikaa kwenye kiganja utahisi uzito wa nusu pakiti ya sukari, au pakiti nzima ikiwa amekula vizuri tangu azaliwe.

Katika muda huo nimejaribu begi la kitambaa, boksi la plastiki gumu, pakiti za kupasha mikono joto, soksi iliyojazwa mchele, mkeka wa umeme unaochomekwa kwenye gari, na kisahani cha joto kinachopashwa ndani ya maikrowevu. Sitaji majina ya kampuni, kwa kuwa bidhaa hizi hutengenezwa na wengi na hutofautiana kidogo tu. Ninachopima hapa ni aina ya chombo na jinsi kinavyofanya kazi nje kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa msomaji mwenye haraka, au mwenye fedha ya kununua vitu viwili tu, jibu langu ni boksi gumu lenye mlango wa mbele na mlango wa juu, pamoja na kisahani cha joto. Vingine vyote vinaweza kusubiri, na viwili kati ya hivyo ningeomba visinunuliwe kabisa.

Sisi tuliokulia pwani tumezoea kumwona paka kuwa mnyama asiyehitaji kusafirishwa. Hujizalia uani, huhamisha watoto wake mwenyewe kwa kuwang'ata shingoni, na ikibidi apelekwe mtaa mwingine hutiwa ndani ya kapu au tenga la kuku na safari ikaisha. Kwa Tanga au Mombasa hilo linatosha, kwa sababu hewa yenyewe hufanya kazi ya blanketi. Minneapolis mwezi wa Januari, wastani wa baridi ya alfajiri ni kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na zipo siku zinazopita hapo mbali sana. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa mji huu kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na siku hiyo shirika la posta lilisimamisha upelekaji wa barua katika jimbo zima. Mtoto wa paka anayetolewa nje katika hewa ya namna hiyo hana muda wa kutusubiri tutafute funguo za gari.

Ni vyema kueleza sababu, kwa kuwa ndiyo inayoamua kifaa gani kinafaa. Paka mkubwa mwenye afya huwa na joto la mwili la nyuzi 38 hadi 39 hivi, naye hulilinda kwa manyoya, mafuta na kutetemeka. Mtoto aliyezaliwa karibuni huwa na joto la chini zaidi, nyuzi 35 hadi 37, na katika siku zake za mwanzo hawezi hata kutetemeka. Joto lake lote hutoka kwa mama na kwa ndugu zake. Uwezo wa kujidhibiti hukua pole pole, na kufikia wiki ya nne au ya tano huwa umeanza kufanya kazi, lakini mwili bado ni mdogo mno, hauna akiba ya mafuta, na hupoteza joto haraka kama kikombe kidogo cha chai kinavyopoa kabla ya birika. Zaidi ya hayo, mtoto wa paka aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula. Ukimlisha akiwa na joto chini ya nyuzi 35, chakula hukaa tumboni bila kusagwa, na anaweza kupaliwa na maziwa yakaingia mapafuni. Kwa hiyo baridi humnyima pia chakula, na sukari ya damu ikishuka analegea, na akilegea hawezi tena kujisogeza kwa ndugu zake ili apate joto.

Hayo niliyasoma baadaye. Kwanza niliyaona kwa macho yangu, katika safari yangu ya tatu, mwezi wa Desemba wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa na watoto wanne wa wiki 5 katika begi la kitambaa lenye wavu pande tatu, la aina inayouzwa kwa ajili ya kuingia nayo ndani ya ndege. Chini yao nilikuwa nimeweka pakiti mbili za kupasha mikono joto, zile ambazo watu hutia ndani ya glavu, nikizifunika kwa taulo moja. Kutoka mlango wa nyumba niliyowachukulia hadi kwenye gari hazikuzidi hatua 40, lakini upepo ulikuwa unatoka ziwani moja kwa moja, na ule wavu haukuuzuia hata kidogo. Mmoja wao, jike mwenye madoa ya kahawia, alikojoa kwa woga kabla hatujafika garini, na manyoya ya tumbo lake yakalowa. Sikujua. Niliwasha hita ya gari, nikaondoka, nikawa nawasikia wakilia nyuma yangu, kisha sauti zikapungua, nikafurahi nikidhani wamelala.

Hinckley ni mji mdogo ulio karibu nusu ya njia, na madereva wengi husimama hapo kunywa kahawa. Niliposimama na kufungua zipu, watatu walikuwa wamebanana kwenye kona moja, na yule wa nne alikuwa peke yake upande wa pili, amelala ubavu, mdomo wazi kidogo. Nilipomgusa masikio na nyayo zilikuwa baridi kama kijiko. Nilimpigia simu dada mmoja Mkongo anayelea watoto wa paka kwa miaka mingi kuliko mimi, nikamwambia ninataka kumpa maziwa. Alinijibu bila kupandisha sauti: "Hapana, dada. Usimpe kitu mdomoni sasa. Mkaushe, mtie ndani ya nguo yako kifuani, ngozi kwa ngozi, ungoje." Nilikaa ndani ya gari kwa dakika 40 huku injini ikiwaka, jaketi limefungwa hadi shingoni, nikihisi mapigo ya moyo wake kwenye mfupa wa kifua changu. Alipoanza kusogeza kichwa, yule dada aliniagiza nimpake ufizini tone la sharubati ya sukari kutoka mgahawani, na maziwa nisimpe mpaka miguu ipate joto kabisa. Alipona. Tangu siku hiyo sikulitumia tena lile begi wakati wa baridi, na kimya cha watoto wa paka garini hakinifurahishi mpaka niwe nimewaona.

Nianze basi na boksi. Ninalolitumia sasa ni la plastiki gumu, lenye urefu wa nusu mita hivi, vipande viwili vinavyoshikamana kwa vibanio, mlango wa waya mbele na mlango wa pili juu. Nililipa dola 40 na kitu. Faida yake ya kwanza ni kwamba kuta zake huzuia upepo. Hazina joto lolote zenyewe, lakini ukiligeuza boksi mlango uelekee mwili wako unapotembea, hewa iliyo ndani hubaki pale pale kwa dakika zile mbili tatu za kutoka nyumbani hadi garini, ambazo kwa uzoefu wangu ndizo hatari kuliko saa zote mbili za barabarani. Faida ya pili ni mlango wa juu: unaweza kumtazama na kumgusa mtoto mmoja bila kuwaruhusu wengine kukimbilia nje, jambo lisilowezekana kwa boksi la mlango mmoja wa mbele, ambalo hukulazimu kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko huku ukipapasa gizani. Faida ya tatu ni usafi. Mkojo hauingii kwenye plastiki. Unafuta na taulo la karatasi na kazi imekwisha, ilhali begi la kitambaa hunyonya kila kitu na kubaki na unyevu safari nzima.

Kasoro zake zipo. Vibanio vya plastiki hukakamaa kwenye baridi kali, na kimoja changu kilivunjika mikononi mwangu katika majira ya kwanza, nikiwa nimeliacha boksi usiku kucha ndani ya gari. Sasa boksi hulala ndani ya nyumba, nami hufunga kamba mbili za ziada kulizunguka kabla ya kuondoka. Mlango wa waya nao una nafasi pana kiasi kwamba mtoto wa wiki 5 anaweza kutoa mguu mzima, kwa hiyo nimeufunga kipande cha wavu kwa ndani. Matundu ya hewa ya pembeni ni mengi kuliko inavyohitajika Januari, lakini sishauri kuyaziba. Nimekutana na mtu aliyeziba yote kwa utepe wa plastiki akiamini anawasaidia. Pumzi na mkojo wa watoto watano vilijaa humo ndani, na alipofungua kuta zilikuwa zinachuruzika maji. Unyevu huo ukigusa manyoya unaondoa joto lote ulilolitafuta. Mimi hufunika boksi kwa blanketi zito la sufu juu na pande tatu, na upande wa mlango huuachia khanga moja tu, ambayo hupunguza upepo na mwanga bila kuzuia hewa. Tukishaingia garini na hita ikashika, blanketi hulikunja nusu.

Kisahani cha joto ndicho kilichobadilisha safari zangu, nacho kinastahili maelezo marefu. Ni bamba la duara la plastiki ngumu, pana kama sahani ya chai na nene kama vidole viwili, ambalo ndani yake mna kitu kinachotunza joto. Hakina waya wala betri. Unakiweka ndani ya maikrowevu kwa dakika zilizoandikwa juu yake, kulingana na nguvu ya maikrowevu yako, kisha unakivisha mfuko wake wa kitambaa cha manyoya. Watengenezaji huahidi saa 10. Kwangu mimi, kikiwa ndani ya boksi lililofunikwa, hutoa joto la kuhisika vizuri kwa saa 6 au 7, kisha hubaki vuguvugu. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya safari yangu ya kawaida, na akiba iliyobaki ndiyo ninayoihesabu kuwa ya thamani, kwa sababu barabara ya 35 huweza kufungwa na ajali ya lori wakati usioutarajia, na gari likizimika katikati ya theluji kisahani hakitazimika pamoja nalo.

Namna ya kukiweka ina uzito kuliko kifaa chenyewe. Mtu anayekinunua hutamani kutandaza joto sakafu yote ya boksi, na hilo ni kosa. Mtoto wa paka lazima awe na mahali pa joto na mahali pa kulikimbia joto. Mimi hukiweka upande mmoja tu, nyuma, mbali na mlango, kikichukua chini ya nusu ya sakafu. Juu ya mfuko wake huongeza tabaka moja la khanga iliyokunjwa mara nne, na upande wa pili hutandika taulo kavu lisilo na joto. Halafu huweka kiganja changu juu ya khanga na kuhesabu hadi 60. Kama mkono unataka kuondoka kabla sijamaliza, naongeza tabaka. Ngozi ya tumbo la mtoto wa paka ni nyembamba kama gamba la kitunguu, na aliyelegea hawezi kujisogeza akiungua. Nikifungua mlango wa juu baada ya dakika 20, wao wenyewe huniambia hali ikoje. Wakiwa wamelundikana juu ya kisahani, boksi lina baridi. Wakiwa wametawanyika upande wa taulo wakihema, nimezidisha. Na wakiwa wamelala robo juu ya joto na robo tatu nje yake, miguu imenyooshwa, basi nafunga na kuendesha.

Kasoro ya kisahani ni ugumu na uzito wake. Gari likifunga breki ghafla, kitu hicho kinaweza kuteleza na kumbana mtoto kwenye ukuta wa boksi, kwa hiyo kinapaswa kukazwa. Mimi nimeshona mfuko wake kwenye taulo la sakafu kwa uzi mzito, nalo taulo hulibana kati ya vipande viwili vya boksi. Kasoro nyingine ni kwamba kinahitaji maikrowevu, na ukikipasha zaidi ya muda ulioandikwa kinaweza kuharibika kabisa, hata kupasuka. Mtu asikirudishe kwenye maikrowevu kikiwa bado na joto la safari ya kwenda. Angoje kipoe kwanza. Maikrowevu zisizo na sahani inayozunguka hupasha upande mmoja kuliko mwingine, na hapo ndipo kile kipimo cha kiganja kinapookoa.

Soksi ya mchele ni njia ya asiye na fedha, nami siidharau. Soksi safi ya pamba iliyojazwa mchele mkavu na kufungwa fundo, ikipashwa kwa dakika moja na nusu hivi, hutoa joto laini lisilo na ncha ngumu, na watoto huikumbatia kana kwamba ni mwenzao. Hupoa ndani ya saa moja. Kwa safari ya kwenda kwa daktari wa mifugo mtaa wa pili inatosha kabisa. Kwa Duluth haitoshi.

Zile pakiti za kupasha mikono joto ni kimojawapo cha vitu viwili nilivyosema visinunuliwe kwa kazi hii. Ndani yake mna unga wa chuma unaotoa joto unapokutana na hewa. Zikifunikwa vizuri chini ya taulo hukosa hewa na kupoa, kama zilivyonifanyia mimi Desemba ile; zikipata hewa nyingi hupanda joto la kutosha kuunguza ngozi. Kifaa ambacho huwezi kujua kitapoa au kitaunguza hakifai kuwekwa chini ya kiumbe asiyeweza kusema. Tena watoto wa wiki 7 na kuendelea hutafuna kila wanachokifikia, na unga ule si wa kumezwa. Cha pili ni mkeka wa umeme unaochomekwa kwenye gari. Nilioununua haukuwa na kidhibiti joto, waya wake ulipita mlangoni kwa watoto, na kila nilipozima injini kuweka mafuta ulipoa palepale. Niliurudisha dukani baada ya siku tatu.

Gari lenyewe nalo ni sehemu ya vifaa, hata kama hatulihesabu. Huliwasha dakika 15 kabla, nje, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyonuka wala kuonekana. Watoto hawaingii mpaka mimi mwenyewe niweze kukaa bila glavu. Boksi huliweka sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, ambapo limebanwa na viti pande mbili na halina pa kurukia. Wengi hulifunga kwa mkanda wa kiti cha nyuma, lakini maboksi mengi ya kawaida hayakutengenezwa kwa ajili hiyo, na mkanda unaweza kulivunja katika ajali. Lile ambalo limepimwa kwa migongano na kuthibitishwa hufungwa kama mtengenezaji anavyoagiza, nalo bei yake huwa kubwa mara kadhaa. Kiti cha mbele hakifai kwa sababu ya mfuko wa hewa, na buti la gari halifai kwa sababu mara nyingi hita haifiki huko. Matundu ya hita ya chini huyaelekeza mbali na boksi, maana hewa inayotoka pale ni kavu na ya moto kuliko tunavyodhani tukiwa tumevaa mabuti.

Katika begi la pembeni huwa na taulo kavu nne, soksi ya mchele ya akiba, kopo la chakula laini, maziwa ya unga ya watoto wa paka, na chupa ya chai iliyojaa maji moto. Chupa hiyo ni ile ile ya maua tunayoijua sote, na hutunza maji ya kuchanganyia maziwa hadi mwisho wa safari. Maziwa yaliyochanganywa mapema na kuachwa garini nimewahi kuyakuta yameganda. Watoto hula kama saa mbili kabla ya kuondoka, kidogo, ili tumbo lisichafuke njiani. Watoto wa wiki 5 hawapaswi kukaa na njaa muda mrefu, hivyo theluji ikituchelewesha hulishwa njiani, ila baada ya kuguswa nyayo na kuhakikishwa kuwa zina joto. Gari halizimwi wakiwamo, na mimi sishuki nikawaacha. Sheria ya Minnesota inakataza kumwacha mbwa au paka peke yake ndani ya gari lililosimama kwa namna inayohatarisha afya yake, na gari lililozimwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri hugeuka jokofu kwa muda mfupi mno.

Mara moja nilijaribu kulipia huduma ya usafirishaji. Nilikuwa mgonjwa, na watoto watatu wa wiki 9 walihitaji kufika siku ile. Dereva alikuja na gari la mizigo lenye vizimba vya waya vilivyopangwa nyuma, wazi pande zote, juu ya sakafu ya chuma. Nilipomuuliza kipimajoto kiko wapi, alinionyesha kile cha dashibodi, kinachopima hewa ya nje. Hakuwa mkorofi, na alikuwa tayari kuongeza mablanketi, lakini sikumpa watoto, na fedha ya kuweka nafasi haikurudishwa. Atakayelipia huduma kama hiyo ana haki ya kuuliza maswali magumu. Kanuni za serikali kuu ya Marekani kwa wanyama wanaosafirishwa kibiashara zinataka paka awe ametimiza wiki 8 na ameachishwa kunyonya, na sehemu ya gari wanamobebwa isishuke chini ya nyuzi 7.2 za Selsiasi kwa zaidi ya saa nne mfululizo. Mimi hukihesabu kiwango hicho kuwa cha mwisho kabisa kwa mnyama mwenye afya, na kwa mtoto wa kilo moja ningetaka zaidi ya hapo. Umwombe dereva akuonyeshe kipimajoto kilicho ndani, karibu na vizimba, na umuulize atafanya nini gari likiharibika njiani. Asipokuwa na jibu la papo hapo, rudi ndani na watoto wako.

Kwa ndege sina uzoefu mwingi, nimesafiri hivyo mara moja tu na paka mmoja wa miezi minne ndani ya kabini, na hapo begi la kitambaa lilikuwa sahihi kwa sababu hujikunja chini ya kiti. Jambo la kujiandaa nalo ni ukaguzi wa usalama, ambapo paka hutolewa na begi hupita kwenye mashine peke yake. Omba chumba cha faragha kabla hujafungua zipu. Sehemu za kuondokea zina kelele, na paka akiponyoka mikononi majira ya baridi, milango ya nje iko wazi kila dakika.

Nimalizie kwa bei, kwa kuwa wengi huuliza hilo kwanza. Boksi, kisahani, kipimajoto kidogo cha kidijitali ninachokining'iniza ndani ya boksi, na blanketi la sufu nililolipata kwenye duka la mitumba, vyote vilinigharimu chini ya dola 100, na ninaingia navyo majira ya tatu. Nikipewa nafasi ya kununua upya, ningebadilisha boksi pekee, nichukue lenye vibanio vya chuma. Begi la kitambaa sikulitupa. Liko kabatini, na mwezi wa Juni hutumika vizuri.

Safari ya mwisho niliyoifanya ilikuwa juma lililopita, watoto watano, nyuzi 22 chini ya sifuri wakati wa kuondoka. Kipimajoto cha ndani ya boksi, upande usio na kisahani, kilisoma nyuzi 19 tulipotoka mlangoni na 24 tulipopita Hinckley. Tulipofika Minneapolis niliwapima mmoja mmoja kwenye mizani ya jikoni, nikawakuta hawajapoteza hata gramu 10, na mdogo kuliko wote alikataa kushuka kwenye sahani ya mizani kwa sababu alikuwa ameanza kucheza na mkia wake.